Maji Niliyomhamishia Jirani

Nilijenga ukuta, na ukuta huo ukaingiza maji ndani ya nyumba ya jirani yangu. Sikukusudia. Lakini nilionywa kabla sijajenga, na walionionya niliwaona washamba. Kwa hiyo siwezi kuisingizia mvua, wala siwezi kusema ni bahati mbaya.

Nayaandika haya kwa sababu huenda nawe una kiwanja, au unadunduliza ununue. Kosa nililolifanya ni rahisi kulirudia, tena ukilifanya watu wanakupongeza. Mimi nilipongezwa sana.

Kiwanja chenyewe kiko upande wa Kinyerezi, Dar es Salaam, kwenye mteremko ambao maji yake yote hatimaye huishia Mto Msimbazi. Nilikinunua kiangazi. Dalali alinipeleka saa saba mchana, jua la utosi, vumbi mpaka kwenye kope. Bei ilikuwa chini kuliko ya viwanja vya jirani, nami nikaamini nimeipata kwa ujanja wangu wa kubembeleza.

Dalili zote zilikuwepo. Katikati ya kiwanja ulipita ukanda wa mchanga mweupe, msafi, usio na hata jani. Pembeni yake yalikuwa yameota matete. Nyasi za kingoni zilikuwa zimelalia upande mmoja, zote, na kwenye shina la mwembe palikuwa na takataka zimenasa usawa wa goti. Mtu aliyekulia shamba angetazama mara moja tu akajua. Mimi niliutazama ule mchanga nikafurahi kwamba nimepata mchanga wa plasta bila kununua.

Nikamuuliza dalali, "Hapa maji hayapiti?"

Akacheka. "Hayo ni ya msimu tu, kaka. Yakija yanapita, yanakwenda zake."

Hakunidanganya. Yanakuja, yanapita, yanakwenda zake. Sikujiuliza yatapitia wapi nikishajenga.

Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo nilikuwa naijua. Nilikuwa naitaja barazani kila nyumba za mabondeni zilipopigwa alama ya X ya kubomolewa. Kwenye kiwanja changu nilijiambia kwamba huu si mto. Hauna jina, sikuuona kwenye mchoro niliopewa, na miezi mingi ya mwaka ni mkavu. Sheria ikabaki kuwa ya watu wa mabondeni, wa Jangwani na Mkwajuni.

Na hapo ndipo aibu yangu inapokuwa kubwa, maana kuhusu mafuriko mimi nilikuwa mhubiri. Tangu yale ya Desemba 2011, yaliyoua makumi ya watu jijini na kuifanya Serikali iwahamishie waathirika Mabwepande, nilikuwa na orodha yangu ya wakosaji na niliisoma popote nilipopata wasikilizaji. Wanajenga mabondeni. Wanatupa taka mitoni. Wanahamishwa, wengine wanarudi. Nilikuwa nikimaliza kwa kutikisa kichwa, kisha naagiza kahawa nyingine.

Kila jambo kwenye orodha ile lina ukweli wake. Chupa na mifuko huziba mitaro kweli. Bonde ni mahali ambapo mto hutanuka ukijaa, na anayejenga hapo amejenga ndani ya mto. Tena Msimbazi una shida ya peke yake: unamwaga maji baharini penye Daraja la Selander, na bahari ikiwa imejaa, mto haupati pa kumwaga, unatanda huku nyuma. Nilikuwa najua hata habari za joto la Bahari ya Hindi, kwamba upande wetu ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mvua za Afrika Mashariki huongezeka, kama ilivyotokea 1997, 2019 na 2023. Nilikuwa nayasema haya kwa ufasaha, mtu akasikiliza mpaka mwisho.

Ambaye hakuwemo kwenye orodha ni mkazi wa juu. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, unashuka kilomita kama 35 hadi baharini, na njiani unapokea vijito kutoka kila mteremko. Mengi ya maji yanayoifunga barabara ya Morogoro pale Jangwani hayakunyesha Jangwani. Yalinyesha huku juu, kwenye mabati yetu, kwenye barabara zetu za lami, kwenye nyua zetu zilizosakafiwa. Aliyeko bondeni ana kosa la kukaa pale. Sisi tuna kosa la kumpelekea. Mimi nililiona la kwake tu, kwa sababu la kwangu lilikuwa zuri kulitazama.

Basi nikajenga. Malori ya kifusi yakaja na matofali yaliyovunjika, vipande vya zege na udongo mwekundu. Ukanda wa mchanga ukafukiwa, matete yakafyekwa, mwembe ukakatwa kwa kuwa ulikuwa ukichafua. Kiwanja kikapanda mpaka kikawa juu ya kile cha jirani wa chini kwa kimo cha goti. Halafu ukuta wa tofali, pande zote nne.

Fundi, mtu asiye na maneno mengi, aliniita siku tunapanga tofali za chini. "Bosi, upande huu wa juu na ule wa chini tuache matundu. Maji yakija yapite."

Nikamwambia sijengi ukuta wa kupitisha nyoka na vibaka.

Jirani wa chini naye alikuja. Ni mama mtu mzima, mjane, anaishi na wajukuu, ana genge mbele ya nyumba yake. Alisimama akautazama msingi muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hapo ni njia ya maji."

Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi mama, tumeshapandisha." Nilidhani namtoa wasiwasi kuhusu nyumba yangu. Alikuwa anazungumzia ya kwake.

Mwisho nikamwaga pevingi, ukuta kwa ukuta, isibaki sehemu ya udongo hata ya kupanda mchicha. Wageni walisifu. Gari halikanyagi tope, viatu haviingizi uchafu sebuleni. Nilijiona nimemaliza.

Hesabu niliyoikwepa ni ya mwanafunzi wa shule ya msingi. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha mita za mraba 600 kikinyeshewa milimita 50, jambo la kawaida wakati wa masika, hupokea lita 30,000. Hayo ni maboza matatu ya lita 10,000, yale tunayoyaagiza maji ya bomba yakikatika. Kabla yangu, udongo na nyasi vilikuwa vinakunywa sehemu, na yaliyobaki yalikuwa yanachelewa kwenye matete. Baada yangu, karibu yote yanatoka, tena kwa pamoja, kupitia kona moja ya chini. Na hayo ni ya kwangu mwenyewe. Yapo yanayoshuka kutoka viwanja vya juu, ambayo zamani yalikatiza katikati ya kiwanja kwa nafasi. Sasa yanafika, yanakuta ukuta, yanageuka na kuufuata. Maji yaliyokuwa mapana na mapole ukiyabana hupanda kina na kushika kasi, na yakishika kasi huchimba. Nyumba ya yule mama iko kwenye kona yanakotokea.

Masika ya 2024 yakaja. Usiku mmoja wa Aprili mvua ilianza kabla ya saa sita na haikupumua. Niliamka, nikawasha taa ya nje, nikachungulia dirishani. Uani hakukuwa na dimbwi. Maji yalikuwa yakiteleza juu ya pevingi, yanakusanyika kwenye kona, yanatoka. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, na chini yake nikaandika: "Kazi ya mikono yangu."

Mvumo nilikuwa nausikia, lakini nilidhani ni mvua kwenye bati. Mpaka geti likagongwa. Alikuwa mjukuu wa jirani, amelowa chapachapa. "Shikamoo. Bibi anaomba uje na tochi."

Kwenye sebule yake maji yalikuwa yamefika magotini. Sufuria na ndoo zilikuwa zinaelea, na yule mama alikuwa amesimama juu ya kochi ameshika kiroba cha mchele kifuani. Nilisaidia kunyanyua godoro. Nikasaidia kupandisha cherehani mezani, ingawa ilikuwa imeshaingia maji. Nilikuwa najisikia jirani mwema. Kisha kitu kikanigusa mguuni, nikamulika. Ulikuwa mfuko wa saruji, mtupu, umechanika upande. Ukapita mwingine. Tulipomaliza ujenzi, mifuko tuliilundika nyuma ya ukuta, upande nisiouona, na nikasema nitamtafuta mtu wa kuichoma.

Nikatoka nje na tochi. Maji yalikuwa yakiufuata ukuta wangu kwa unyoofu, kama yaliyovutiwa kamba na fundi, na yakifika kona yanakata kushoto, yanaingia mlangoni kwake. Nikamulika ng'ambo ya pili. Juu ya ukuta niliona mwanga wa taa yangu ya nje, na chini ya taa ile najua hapakuwa na dimbwi.

Pale pale nilielewa. Ningependa kukuambia kwamba pale pale nilikiri. Sikukiri. Nilirudi ndani nikamwambia, "Unajua, mama, mwaka huu kuna El Niño." Nikamweleza na bahari inavyopata joto. Nimesimama kwenye maji yangu, ndani ya nyumba yake, natoa somo.

Alinisubiri nimalize. "El Niño ya tisini na saba ilinikuta hapa hapa, baba. Ilinyesha miezi. Ndani haikuingia. Maji yalikuwa yanapita kwako."

Sikuwa na la kujibu. Mvua kubwa ilikuwepo mwaka ule na ilikuwepo mwaka huu. Mteremko ni ule ule, nyumba yake ni ile ile. Kilichobadilika kati ya 1997 na usiku ule kilikuwa na rangi ya krimu, na nilikuwa nimekipaka mimi.

Kulipokucha nikayafuata maji kwa miguu kuelekea chini. Nilichokiona kilinifariji kwa namna mbaya, maana niligundua tuko wengi. Uzio unaofuata ulikuwa umeyageuza maji kwenda kwa mwingine, na wa tatu vivyo hivyo. Kila aliyepandisha kiwanja alikuwa amemshusha mwenzake. Penye karavati la barabara ya mtaa, nusu ya tundu ilikuwa imejaa mchanga, kifusi, na mifuko ya saruji iliyotangulia ile ya sebuleni. Maji yalikuwa yameshindwa kupita chini, yakapanda barabarani na kula ukingo wa nyumba mbili. Chupa za plastiki zilikuwepo pia, sikatai. Lakini karavati lile lilizibwa kwanza na wajenzi.

Mwezi ule ule, alfajiri ya tarehe 29 Aprili, yakatokea mafuriko ya Mai Mahiu, Kenya. Mwanzoni ilisemwa bwawa limepasuka. Baadaye maelezo yaliyotolewa ni kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilizibwa na magogo, mawe na tope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha yakavunja na kushuka na kijiji. Walikufa zaidi ya watu 40. Ya kwangu hayakuua mtu, na sitaki kujipachika kwenye msiba wa wengine. Lakini utaratibu niliufahamu nilipousoma: maji yamenyimwa njia, yamesubiri, kisha yamejichukulia. Kwangu yalisubiri dakika chache tu, kwa kuwa ukuta wangu ulikuwa umeshayaonyesha pa kwenda.

Wapo waliojua kuishi na maji kuliko sisi wa mjini. Warufiji kwa vizazi walilima mpunga kwenye bonde la Mto Rufiji, lile lile linalofurika, wakapanda mazao ya mlau kwenye unyevu maji yanapopungua, na shambani wakajenga madungu juu ya nguzo. Si kwamba mto haukuwahi kuwaumiza, uliwaumiza. Ila hawakujidanganya kwamba kwa kuwa ardhi imekauka basi mto umehama.

Sasa gharama. Jirani alipoteza mchele na unga wa biashara, magodoro, cherehani, na madaftari ya wajukuu. Choo chake kilifurika, wakawa wanaomba msaada kwa majirani mpaka kiliponyonywa. Genge lilifungwa kwa muda, na wateja wakazoea kwingine. Vitu nimelipa. Wateja siwezi kumlipa. Kwangu mimi, nimebomoa kipande cha ukuta upande wa juu na upande wa chini na kuweka matundu yenye nondo. Fundi ni yule yule. Matundu ambayo angeyaacha bure wakati wa kujenga alinitoza kuyatoboa, hakusema neno, na bei hakupunguza. Nimeng'oa pevingi nusu ya uwanja, nimerudisha udongo na nyasi. Mabati nimeyawekea gata na tangi la lita 10,000. Tukifanya ile hesabu yetu, paa la mita za mraba 200 hulijaza kwa milimita 50. Nyoka sijamwona bado.

Nilimwomba radhi mbele ya mjumbe. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu. Akanikatiza: "Radhi nimepokea, baba. Na njia ya maji?"

Hapo alinishika, maana jibu kamili sina. Matundu yanapunguza, hayamalizi. Nyumba yangu bado imekalia mkondo, na mvua ikizidi maji yatataka pale katikati, penye chumba cha watoto. Tulichofanya ni kukubaliana, sisi wenye viwanja vitano vinavyofuatana, kuchimba mtaro mmoja unaopita kwetu sote hadi kwenye karavati, kila mtu akikata kipande chake. Mmoja bado hajakubali. Anasema kwake hakuingii maji. Namwelewa vizuri mno.

Huko chini, mradi wa bonde la Msimbazi unaogharamiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia umeshalipa watu fidia na kubomoa nyumba nyingi, na Jangwani linajengwa daraja jipya. Ni kazi ya lazima. Ila daraja hulipitisha gari juu ya maji, halipunguzi maji. Ya kupunguza yako huku juu, na hayahitaji mkopo. Yanahitaji wenye viwanja tuache kujenga kana kwamba mpaka wa hati ndio mwisho wa dunia.

Kama bado hujanunua, nenda kakione kiwanja wakati wa masika, mvua ikiwa inanyesha. Usimuulize dalali, muulize mzee anayeishi hapo chini. Tazama nyasi zimelalia wapi. Kama unajenga, fundi akikwambia acha matundu, acha. Bakiza udongo. Kifusi chako kisimalizie kwenye karavati.

Na kama umeshajenga, subiri mvua kubwa ijayo, chukua mwavuli, toka nje ya geti lako, ukaangalie maji yako yanakwenda kwa nani.